Saa Zilizotolewa Utumbo

Tk. Tk-tk. Kimya. Tk.

Fundi alikuwa ameinamia beseni uani, povu la sabuni limemfumba macho, na mikono yake ikasimama hewani. Masikio yale yalikuwa yamesikiliza saa za watu kwa miaka arobaini. Ungemwekea saa sikioni akiwa usingizini, angekwambia ni gurudumu gani limeng'oka jino.

"Kuna saa inakosea," alisema.

"Saa gani tena, baba?" Binti yake alijibu kutoka jikoni, upesi mno.

"Ningeijua ningeitaja. Iko stoo. Inapiga kama moyo wa mwizi."

"Stoo hakuna saa nzima. Zote ulizitoa utumbo wewe mwenyewe."

"Ndiyo maana nauliza."

Akajipangusa uso kwa taulo, akaanza kutembea. Binti yake alitoka jikoni na mwiko mkononi. Baba alimwita Nukta siku aliyozaliwa, kwa udogo wake, na mtaa ukalishika jina hilo mpaka sasa ana miaka ishirini na sita na hakuna anayemwita vingine. Alitaka kusema ni panya. Alitaka kusema chai imeiva. Lakini baba yake alikwisha kuushika mlango wa stoo.

Ndani kulikuwa na makasha mawili ya saa za ukutani, yale marefu ya zamani yenye mlango wa kioo. Mitambo yake ilikwisha kutolewa na kuuzwa kipande kipande. Kasha moja liliegemezwa kwenye ukuta wa matofali. La pili lilisimama kwenye kona, karibu na pipa la maji, limezungushiwa gunia lililoloweshwa. Ndani ya kila moja, pale palipokuwa pakining'inia chuma cha kuhesabia mwendo, palikuwa na chupa yenye majani mabichi na kipande cha ndizi iliyooza. Na kwenye kioo cha lile la ukutani, kipepeo mmoja wa rangi ya udongo alikuwa akijigonga kichwa. Tk. Tk-tk.

Fundi alimtazama kipepeo. Kisha akamtazama binti yake. Kisha akalitazama lile gunia bichi, na hilo ndilo alilolitazama kwa muda mrefu.

Nyuma ya nyumba ile kulikuwa na ua wa hatua ishirini kwa kumi na mbili. Upande mmoja ulikuwa na bomba la maji, mpapai na kivuli. Upande wa pili ulikuwa na ukuta mrefu, ambao nyumba na stoo ziliushiriki na kiwanda kidogo cha mikate. Pande zote mbili marehemu mke wa Fundi alipanda majani marefu, kwa sababu tu alichukia vumbi. Wiki ya tatu baada ya kumzika, Fundi aliketi uani hana la kufanya, akamwona kipepeo ametua kwenye majani ya bomba. Mtu mwingine angempita kama anavyopita jani kavu. Fundi alivaa lenzi yake ya saa jichoni, akamtazama. Hajaacha kuwatazama tangu siku hiyo, na ni miaka kumi na tisa.

Aliona kwamba wako wa aina mbili. Wale wa ukutani walikuwa na madoa saba chini ya bawa la nyuma, makubwa, meusi, yenye pete ya manjano na kiini cheupe, kama macho ya bundi. Wale wa bombani walikuwa na madoa hayohayo saba, ila madogo kama tundu la sindano, na bawa zima limefifia. Waliobaki wa katikati, ilibidi uamue kwa doa la tano: likiwa na kiini, ni wa ukutani, likikosa, ni wa bombani. Fundi aliwaandikia watu wa makumbusho barua ya kurasa nane. Alisema kwamba hizi ni nususpishi mbili, yaani ndugu wa ukoo mmoja waliotenganishwa zamani za kale hata wakapishana sura, na kwamba mpaka wao unapita kwenye ua wake, kati ya bomba na ukuta. Wa kwanza akawaita Macho. Wa pili akawaita kwa jina la marehemu: Mama Nukta. Alipanga vielelezo kwenye droo zilezile alizowekea springi na mishale ya saa, droo kumi na tisa, moja kwa kila mwaka. Chini ya kila kipepeo kuna kikaratasi chenye jina, tarehe, upande wa ua na saa kamili ya kukamatwa, mpaka dakika; orodha yake aliituma makumbusho kila mwaka.

Mtaani alikuwa mtu. "Yule fundi anayejua mende kwa majina," walisema, naye alijifanya hapendi.

Lakini macho ya Fundi yalikwisha. Kwa miaka minne sasa utando ulikuwa umeyafunika, na alichokiona kwenye lenzi kilikuwa ukungu wenye mbawa. Hakumwambia mtu. Kila jioni aliivaa lenzi, akamshika kipepeo kwa kibano, akasema, "Haya, hesabu, tuone kama umejifunza." Nukta alihesabu, naye alisema, "Sahihi." Nukta aliandika. Kwa miaka minne Nukta hakukosea hata mara moja, na baba yake hakuona ajabu kwamba mwanafunzi hakosei kamwe.

Miezi miwili kabla ya asubuhi ile, Nukta alikuwa akitafuta springi ya saa ya mteja. Chini ya droo alikuta barua. Watu wa makumbusho walikuwa wameuliza: mwandiko huu wa miaka ya karibuni ni wa nani? Wana nafasi ya kazi na mafunzo, miaka miwili, wanamtaka mtu huyu. Pamoja nayo kulikuwa na nakala ya jibu la baba yake, maana Fundi hakutuma kitu bila kubaki na nakala. *Ni binti yangu. Ananakili ninachomwambia. Hana jicho.*

Nukta aliirudisha barua mahali pake, akaenda kununua mkate. Kiwanda kilikuwa kimefunguliwa tena wiki ileile baada ya tanuri kuharibika na kulala baridi miezi miwili. Alisimama kwenye foleni akikumbuka kwamba kwa muda huohuo, hakuna Macho hata mmoja aliyekamatwa uani. Baba yake alisema ni ugonjwa umewapiga. Nukta aliuweka mkono kwenye ukuta wa kiwanda. Ulikuwa wa moto kama paji la uso la mgonjwa. Alirudi nyumbani mkate chini ya kwapa, akamtega kipepeo jike mmoja kwenye majani ya bomba, na mama yule akataga mayai arobaini na mawili.

Sasa watu wa makumbusho walikuwa wanamtuma mtu kuziona droo. Leo, saa nne. Mgeni angekaa saa moja tu, na katika saa hiyo moja Nukta alitaka kumwonyesha kwamba jicho analo.

"Hesabu," alisema Fundi. Alikuwa amefungua kioo na kumshika yule mgongaji kwa vidole viwili, mbawa zimekunjwa pamoja.

"Baba, nilitaka kukwambia..."

"Nimesema hesabu."

Nukta aliinama. "Saba. Makubwa. La tano lina kiini."

"Macho." Akaenda kwenye kasha la gunia, akamtoa mwingine. "Na huyu?"

"Saba. Kama tundu la sindano."

"Mama yako."

"Wote ni wa mama mmoja, baba. Niliyemkamata mimi bombani. Nusu ya mayai niliyaweka ukutani, nusu kwenye ubaridi, wamepona ishirini. Wa ukutani walitoka siku tisa mapema. Wote wa ukutani ni Macho, wote wa baridi ni hao wengine. Hakuna aliyekwenda kinyume."

"Ukutani kuna nini?"

"Kuna tanuri, baba. Upande wa pili."

Fundi hakuwa mjinga, kwa miaka arobaini alikuwa amewaonya wateja wasiache saa juani, kwamba joto hugeuza mwendo, kwamba saa ileile ikiwa mezani ni nyingine na ikiwa dirishani ni nyingine. Aliyaelewa yote mlemle ndani ya pumzi moja. Na hapo ndipo angeweza kuwa mtu mkubwa. Lakini ukubwa humpita mtu kama basi lisilo na abiria wa kushuka.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Vizuri."

Akambana yule kipepeo kifuani, kati ya kidole gumba na cha shahada. Ndivyo wanavyouawa wa kuwekwa kwenye vielelezo: mbano mmoja mfupi, chini ya mbawa, mpaka uhisi kitu kimelegea. Akamwangusha kwenye ndoo ya taka. Akachukua wa pili.

"Baba, hao ndio ushahidi wangu pekee!"

"Ndiyo najua." Wa tatu. "Hesabu na hawa, au umechoka?" Wa nne. "Miaka kumi na tisa. Nilipokuwa nakutandazia bawa la kwanza ulikuwa bado unalowesha kitanda." Wa tano. "Leo unanifugia mashahidi ndani ya saa zangu mwenyewe."

"Niliiona barua," alisema Nukta.

Vidole vilisimama kidogo juu ya wa saba.

"Ipi?"

"'Hana jicho.'"

Fundi alibana. "Na unalo? Jicho hilo ni langu, nimekuazima tu. Nani alikwambia doa ni nini? Nani alikwambia kiini? Ungekuwa unachagua mchele mpaka leo." Wa nane, wa tisa. Sauti yake haikupanda, na huo ndio ulikuwa ukatili wake. Alizungumza kama anayempa mteja bei. "Ukienda wewe, mimi nakaa na nani hapa? Eh? Shangazi yako anihesabie? Yeye anayeita kipepeo ndege?"

"Ungesema hivyo. Ungesema, Nukta, usiende, sioni."

"Naona."

"Baba."

"Nimesema naona!" Wa kumi na tano. Wa kumi na sita. "Hata mama yako alijua wakati wa kunyamaza."

Walikuwa ishirini. Alipomaliza, vidole vyake vilikuwa na unga wa rangi ya udongo, akavipangusa kwenye taulo, akalitundika taulo begani. "Osha vikombe," alisema. "Vile vya maua. Na makasha hayo yafunge, stoo inanuka ndizi."

Nukta alibaki amesimama na mwiko. Aliposikia baba yake amerudi kwenye beseni, akapiga magoti mbele ya ndoo. Alitia mkono kati ya maganda, akamtoa wa kwanza, akampeleka mlangoni penye mwanga. Akamgeuza. Akamtoa wa pili. Wa tatu.

Akaanza kucheka, mkono mdomoni, mpaka machozi yakamtoka.

Hakuna bawa lililochanika. Hakuna bawa lililochubuka hata chembe. Baba yake alitaka kuuharibu ushahidi, na angeweza kuwakanyaga kwa kiatu au kuwatia motoni, wakaisha. Lakini mkono wa miaka kumi na tisa haukujua njia nyingine ya kumuua kipepeo isipokuwa ile safi. Hakuharibu ushahidi. Alimtayarishia binti yake.

Saa tatu Shangazi, dada yake Fundi, aliingia na viti viwili vya kuazima kichwani. Alimkuta Nukta jikoni, amefungua kifuniko cha sanduku la viatu, amewapanga vipepeo matumbo juu, anawachoma kwa pini za kushonea.

"Toba! Wageni wako njiani na wewe unashona wadudu?"

"Namalizia, shangazi."

"Mwanamke wa umri wako ananasa mchumba, si mende." Akatua viti, akachungulia. Hakuwa mpumbavu Shangazi, alipenda tu kuchukuliwa hivyo, maana mpumbavu huambiwa mengi. "Hawa baba yako anawajua?"

"Ndiye aliyewaua."

"Kwa hiyo mnafanya pamoja."

"Kwa mara ya mwisho."

Shangazi alimtazama anavyolifungua kopo la mchele, anavyotia mkono mpaka chini na kutoa kiberiti, na ndani ya kiberiti mna kipepeo mmoja mkongwe, mbawa zimechakaa, na kikaratasi: *Mama. Bombani.*

"Nukta," alisema taratibu. "Sijui unapika nini. Lakini nikwambie la kizee. Ukimvua mtu nguo mbele za watu, uwe na nyingine ya kumpa."

"Yeye alinipa ipi?"

Shangazi akaanza kupangusa vikombe vya maua.

Mtafiti wa makumbusho alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu vya matope na daftari lililofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Alikunywa chai yake akiwa amesimama.

"Umechelewa dakika nne," Fundi alimwambia, akitabasamu. Alikuwa amevaa koti.

"Na wewe ungetufaa ofisini," alisema Mtafiti. "Tuone droo."

Fundi aliongea kwa nusu saa, na aliongea vizuri. Alimwonyesha kielelezo cha kwanza kabisa katika droo ya kwanza, chenye kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono wake mwenyewe wakati ule bado unaandika wima: *Mama Nukta*, na tarehe ya wiki ya tatu. Alimtembeza uani, akasimama katikati, mguu mmoja huku na mguu mmoja kule. "Hapa, daktari, umesimama mpakani. Huhitaji hati ya kusafiria." Shangazi alicheka. Mtafiti aliandika. Nukta alisimama kwenye mlango wa jikoni, sanduku la viatu nyuma yake mezani, akingoja nafasi.

"Na huyu ndiye mwenye mwandiko?" Mtafiti aliuliza. "Tuliyemuulizia?"

"Ndiye huyo," alisema Fundi. "Mwandiko anao, hilo siwezi kumnyima. Ukimpa chapati ainakili, atainakili mpaka matundu. Jicho ndilo hana."

Shangazi alicheka tena, kwa mazoea. Mtafiti naye alitabasamu kwa adabu, akageukia ukurasa mwingine.

Mpaka dakika ile Nukta alikuwa amekusudia jambo moja tu, kuonyesha watoto wa mama mmoja. Tabasamu lile la adabu ndilo lililoongeza la pili. Aliingia jikoni, akang'oa wawili kwenye kifuniko, akatoka nao kwenye kisosi.

"Kweli baba, jicho ni tatizo langu," alisema. "Hawa wawili wamenishinda. Nifundishe, na mgeni asikie."

Sauti yake ilikuwa laini. Fundi hakujua ni wapi wametoka; kwake walikuwa vivuli viwili kwenye weupe wa kisosi. Angeweza kusema baadaye. Angeweza kusema ana mafua. Lakini alikuwa amevaa koti na mgeni alikuwa anatazama. Akaiweka lenzi jichoni. Nukta alimwona baba yake akimgeuza kipepeo kwenye jua, huku na huku, kama mtu anayetafuta herufi kwenye barua iliyoloa. Ilimchoma. Hakumwokoa.

"Huyu," alisema Fundi, "Macho." Akamchukua wa pili, akatulia. Hesabu yake ilikuwa rahisi: binti hawezi kuleta wawili wa aina moja. "Na huyu Mama Nukta. Safi kabisa."

"Una hakika, baba?"

"Mtoto wa chekechea angejua."

Mtafiti alinyoosha mkono, akachukua kisosi, akatoa lenzi yake mwenyewe. Alitazama mmoja, akatazama wa pili, akarudia. Tone la bomba lilianguka.

"Fundi," alisema, "wote wawili wana madoa saba makubwa. Hakuna hata la kubishania."

"Mwanga..."

"Ni saa nne na dakika arobaini asubuhi, baba," alisema Nukta. "Jua limesimama juu ya mkono wako. Niseme mimi au useme wewe? Hajaona doa miaka minne, daktari. Kila mwandiko wangu uliousoma ni jicho langu."

"Nukta," alisema Shangazi.

Lakini Nukta alikwisha kuleta sanduku. Aliliweka juu ya beseni lililogeuzwa, akamweka yule mama wa kwenye kiberiti katikati, na watoto wake kumi na mmoja huku, tisa kule. Alieleza haraka, kavu, bila kumtazama baba yake: mayai, siku, gunia, ukuta, miezi miwili ya tanuri kuharibika. Alipofika kwenye tanuri, Mtafiti aliinuka, akaenda mpaka ukutani, akauweka mkono wake wazi kwenye matofali. Akakaa hivyo kidogo.

Kisha akacheka. Hakukusudia ubaya, kilikuwa kicheko kifupi cha mtu aliyepata ufunguo mfukoni baada ya kuutafuta nyumba nzima. "Nususpishi mbili," alisema, akitikisa kichwa. "Mpaka wa mataifa, kumbe ni mikate."

Watu husema Fundi alivunjika kwa maneno ya binti yake. Si kweli. Maneno aliyastahimili, akiwa wima, mikono kwenye mifuko ya koti. Kilichomvunja ni kile kicheko kidogo. Shangazi alimwona, akamsukumia kiti.

Mtafiti alikuwa amerudi kwenye sanduku na hakuona. Watu wa kazi yake huona kitu kimoja kwa wakati mmoja. "Wamekufa lini hawa?"

"Leo asubuhi."

"Nani aliwabana? Ishirini, na hakuna hata bawa moja lililochubuka. Wetu wa ofisini hawawezi kazi hii."

"Baba," alisema Nukta.

"Hongera sana, Fundi," alisema Mtafiti, na alimaanisha. "Bila mkono wako tusingekuwa na uthibitisho."

Fundi alivipangusa vidole kwenye koti.

Mengine yalikwenda upesi. Mtafiti alisema nafasi bado ipo, ni ya Nukta, aanze Jumatatu. Kazi ya kwanza itakuwa droo hizi hizi, zitakuja kubebwa. Tarehe na saa za Fundi ni hazina, hakuna mahali wana kumbukumbu za dakika kwa dakika namna hii, zibaki. Majina yote yabanduliwe. "Hayana maana tena," alisema, akilifunga daftari kwa mpira wake. Akashukuru kwa chai.

Shangazi alivichukua viti vyake kabla vikombe havijapoa. Mlangoni aligeuka. "Umeshinda, mwanangu," alisema. "Haya, kaa na ushindi wako, tuone kama unajua kukuwashia jiko."

Alasiri Nukta alimkuta baba yake kwenye meza ya kazi chumbani mbele, koti bado mwilini. Alikuwa ameifungua saa ya mkono ya mteja, kifuniko huku, mtambo kule, na lenzi iko jichoni. Hakuwa akifanya kitu. Saa ilikuwa inatembea juu ya kitambaa, wazi, tik tik tik, haina kosa.

"Inataka nini hii?" Nukta aliuliza.

"Sijui. Mwenyewe alisema inachelewa. Mimi naisikia iko sawa." Akaivua lenzi. Jicho lilikuwa jekundu. "Utaondoka Jumatatu."

"Ndiyo."

"Na kuhesabu, nani atanihesabia?"

"Hakuna cha kuhesabu tena, baba."

Alilitoa neno hilo bila hasira, na lilitua vibaya zaidi kwa kukosa hasira. Fundi alitikisa kichwa polepole kama anayekubali bei aliyoshindwa kuishusha. Akavuta droo ya kwanza, akaipapasa juu ya kioo mpaka kidole kikafika kwenye kona ya kushoto. Hakuhitaji macho kupajua pale.

"Huyu," alisema. "Zile nyingine zote bandua. Nilikosea, basi, nimekosea, watu wamecheka wameshiba. Lakini huyu mmoja niachie jina lake. Ni kikaratasi cha ukubwa wa kucha. Nani atakiona? Nilikiandika siku ambayo sikuwa na mtu wa kusema naye humu ndani, wewe una miaka saba, umelala. Niahidi, Nukta."

Nukta aliangalia kile kikaratasi. Wino ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Alimkumbuka mama yake kwa vitu vichache: mikono yenye udongo, wimbo usio na maneno, namna alivyokuwa akinyamaza baba alipoingia. Alikumbuka vidole viwili asubuhi ile, na sauti iliyokuwa ikisema mama alijua kunyamaza, huku vidole vikimbana wa kumi na sita.

Alizunguka meza, akainama mpaka mdomo wake ukawa karibu na sikio la baba yake, lile sikio ambalo halijawahi kukosea.

"Ulimpa mama jina la kosa lako, na amelala chini yake miaka kumi na tisa," alisema. "Mimi simwachi hapo hata siku moja zaidi. Nakuahidi, baba: Jumatatu asubuhi, kabla sijagusa kingine chochote, nitaanza na yeye."